Kaboni

Ofisi ya Ngara ilikuwa na kufuli mbili.
Mimi nilishika ufunguo mmoja, Dakta Nyabuto wa pili,
asiingie mtu bila mwenzake.
Ndivyo walivyotaka waliotulipa,
ambao majina yao sikuyapiga chapa hata siku moja.

Alhamisi, saa nane, alifika kutoka Mathari
mikono ikinuka sabuni ya dawa.
"Weka kanda," husema. "Zima sauti."
Tukawatazama wakubwa wa nchi za mbali na za karibu
wakihutubia bila neno, mabubu wenye medali.
"Tazama mikono. Mdomo una mwandishi wake,
mkono hauna.
Huyu hanywi maji mpaka mlinzi ayaonje.
Huyu hugusa saa kila akipigiwa makofi,
kama mtoto wa bweni anayesubiri kengele.
Huyu, mkewe akisogea, bega lake hushuka inchi moja.
Andika: inchi moja."
Niliandika. Nakala tatu, kaboni mbili.

Wao walitaka neno moja tu.
Bwana wa soksi za kijivu alikuja na bahasha:
"Daktari, ni mwendawazimu au siye?"
"Sijamshika mkono. Sijamuuliza alilalaje.
Nikikwambia ana wazimu nami sijamwona,
wa kupelekwa Mathari ni mimi."
"Basi ataondoka, hataondoka?"
"Alinyang'anywa sahani akiwa na miaka saba.
Bado ameishika."
Bwana yule akatazama bahasha yake,
kama aliyeuziwa nazi asipewe kisu.

Wodi ya sita, huko Mathari, kulikuwa na Rais.
Elkana, fundi wa redio kutoka Burma,
akitia saini amri kwenye karatasi za pakiti za unga,
amemteua muuguzi wa zamu kuwa waziri wa maji
kwa kuwa ndiye aliyemletea maji.
Dakta alimsikiliza kwa sikio lile lile.
Miaka mitano: vidonge, chai,
na swali moja kila Jumanne,
"Mheshimiwa, nani atakurithi?"
Mara ya kwanza alirusha kikombe.
Kisha akanyamaza mwaka mzima.
Ndipo Julai moja, Nairobi imefunikwa na wingu
lisilotaka kunyesha wala kuondoka,
akasema, "Daktari, nimechoka. Mpe yeyote."
Akaomba viatu vyake.

Alinisimulia hayo akicheka, halafu akaacha kucheka.
"Nimeandika wakubwa kumi na wanne.
Hakuna hata mmoja aliyeulizia viatu."

Faili la mwisho halikuwa na kanda.
Alinisomea kwa sauti, amesimama dirishani,
mgongo kwangu, huku chini mtu akigonga bati:

Mhusika: anayeagiza mafaili haya.
Umri: haujulikani. Uso: sijauona, nimeona soksi.
Hutaka kujua kidonda cha kila mtu kiko wapi
na hajawahi kuulizia dawa.
Hulala vizuri. Hilo ndilo linalonitisha.

"Na wewe, Dakta?" nikauliza, vidole juu ya mashine.
"Kwani nani alikuwa akiwaonyesha vidonda?"
Hakugeuka.
"Ongeza mstari huo," akasema. "Mwisho kabisa."

Lilirudi baada ya wiki mbili
likiwa na mhuri mwekundu: HALIHITAJIKI.
Kufuli zikabadilishwa, zote mbili.
Yeye akarudi kwa wagonjwa wake hadi kustaafu.
Mimi nilitoka na karatasi moja ya kaboni
ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani.

Iko hapa Kariobangi, katika kopo la biskuti.
Nikiiinua kwenye balbu, herufi hutoka gizani
zikitembea kinyumenyume,
na vidole hubaki na buluu mpaka kesho.

Jioni taarifa ya habari ikianza,
mjukuu wangu huongeza sauti. Naipunguza.
"Nyanya! Hatusikii anachosema!"
Tazama mkono, namwambia.
Hapana. Ule mwingine,
ulio chini ya meza.