Siku ya Nane

Siku mbili mkono uliuma, ukaacha.
Nikausahau kama deni lililolipwa.

Ya nane, katikati ya chai ya Katumba,
kikapu mgongoni, ukungu haujainuka,
bega likaanza kuwasha:
duara jekundu, pana kama kitumbua,
la moto, na vidole vimeganda kwa baridi.

Mama Lugano akasema ni upupu.
Upupu gani unaojua palipoingia sindano?

Nesi Subilaga hakushtuka.
Akalizungushia kalamu ya bluu:
“Likivuka hapa, rudi.
Kuna miili husikia leo,
hujibu wiki ijayo.”

Halikuvuka.
Liliondoka lenyewe, Jumapili, mvua ikinyesha.
Wino ndio uliogoma.
Nimesugua kwa sabuni ya mche,
bado nauona:
mpaka usio na nchi.