Stoo ya Kemia

Chumba cha ushauri nasaha, shuleni kwetu Pasua,
zamani kilikuwa stoo ya kemia.
Mpaka leo kinanuka salfa.
Mlangoni wamebandika: KARIBU, GONGA.
Muhula mzima hakuna aliyegonga
ila mimi, nami nilisingizia chaki.

Mwalimu Ndeonasia hakuuliza kitu.
Alinipa chaki. Kesho yake nikarudi,
nikasema imeisha.
"Darasa lenu mnazitafuna?"
Akanisogezea stuli na kikombe cha uji.

Siku ya tatu nilikwenda na karatasi ya fizikia:
kumi na moja kwa mia, wino mwekundu.
Akaigeuza. Nyuma nilikuwa nimechora
kitanda cha mama, wodini Mawenzi,
na dripu, matone nimeyahesabu
hadi mia nne na sita.
"Kumbe hesabu unaijua," akasema,
kisha akanyamaza,
mvua ya masika ikaongea na bati kwa niaba yetu.

Sasa Jumanne na Alhamisi, baada ya kengele,
Elirehema wa kidato cha nne
ananifundisha mvutano kwa kudondosha ndizi mbivu.
Tukishapima, tunaila.
Ufunguo wa maktaba naachiwa mimi.

Mama bado yuko wodini.
Juzi nilipata thelathini na nane:
D, tena D iliyokonda.

Leo nimemkuta mtoto wa kidato cha kwanza
nje ya ule mlango, ngumi hewani,
hagongi, haondoki.
Nikamnong'oneza:
sema umetumwa chaki.