Penseli, Siyo Kalamu

Bi Tvedt wa ofisi ya ushauri
alinipa karatasi yenye siku saba na saa tupu.
"Jaza kwa penseli," akasema, "siyo kalamu."
Nilidhani anatania.

Jumatatu hadi Ijumaa,
saa kumi na moja alfajiri hadi saa nane na nusu mchana:
kiwandani, mstari wa pili, mabega ya nguruwe.
Hapo nilikoleza. Hapo hapafutiki.

Zilizobaki ni vipande,
kama kitambaa alichokiharibu fundi:
Jumanne jioni, Alhamisi jioni,
Jumamosi asubuhi kabla Tess hajaamka
na kutaka kupelekwa kuogelea.
Na masomo manne yamepanga foleni mlangoni
kama wadai waliopata fununu ya mshahara:
anatomia ya kwanza, anatomia ya pili,
kemia, mikrobiolojia.

Anza na kemia, alisema Bi Tvedt,
ndiyo ufunguo wa mikrobiolojia.
Anza na anatomia, alisema Duane, jirani yangu mstarini;
shemeji yake alianza na kemia
na sasa anauza mazulia huko Brandon.
Zote mbili kwa pamoja, nikasema mimi.
Bi Tvedt akavua miwani
akaifuta muda mrefu kuliko uchafu wake.

Tena alama zenyewe zinachacha.
Miaka mitano, kisha shule ya uuguzi
inazinusa na kuzirudisha.
Mwenda pole hajikwai, sawa,
lakini huyu amebeba maziwa.

"Kwa nini uuguzi, Corrine?"
Nilitazama vidole vyangu, vyekundu kwa ubaridi wa kiwanda.
Nataka, nikasema,
kushika mwili ambao bado una joto.
Hakuandika hilo popote.

Miaka kumi na mmoja nimetenganisha bega na mguu
bila kuangalia. Kisu kinajua
palipo laini kati ya mfupa na mfupa.
Alhamisi moja, usingizi umenikalia kichwani kama kofia ya chuma,
mwalimu Okerlund akainua mfupa wa plastiki:
"Nani anajua kiungo hiki kinageukaje?"
Mkono wangu ulijua kabla ya mdomo.
Uligeuka hewani, umeshika kisu kisichokuwepo,
na vijana wa miaka kumi na tisa wakageuka na viti vyao.
"Skapula," mwalimu akasema taratibu.
Skapula.
Sisi tulikiita kipande namba saba.

Februari theluji ilifunga barabara zote za Sioux Falls.
Mtihani ukahamia Ijumaa,
maabara ikahamia Jumamosi,
Jumamosi kiwanda kikataka zamu ya ziada,
na ziada ndiyo iliyokuwa ilipie kitabu cha maabara.
Nikafuta. Nikaandika. Nikafuta.
Kemia niliiacha wiki ya sita.
Nilimwambia Tess gari lilikataa kuwaka,
kisha nikakaa ndani ya gari hilo, linanguruma,
nikihesabu atomi za hidrojeni kwenye pumzi yangu kiooni.

Kemia itarudi wakati wa kiangazi,
wiki nane badala ya kumi na sita,
jioni nne kwa wiki.
Nani atampeleka mtoto kuogelea, sijui.
Duane anasema tubadilishane zamu;
Duane husema mengi.

Usiku huu Jumanne imetoboka.
Nimeifuta mno, karatasi imechoka,
kwenye saa kumi na mbili jioni pana tundu
na ndani ya tundu naona mbao za meza ya jikoni.
Nimeandika hapohapo, juu ya mbao: maabara.
Asubuhi Tess, kijiko cha nafaka mdomoni,
atauliza nani kachora meza,
na mimi nitakuwa nimeshaondoka saa mbili zilizopita.