Nukta ya Pembeni

Duka langu liko Ruwi, nyuma ya wauza vitambaa,
chumba cha hatua sita kwa nne.
Nachonga vibao vya milango.
Shaba, plastiki, mbao ukitaka.
Baisa mia tatu kwa herufi,
nukta bure.

Chuoni tulifunzwa: dali haina nukta.
Ukiitia juu inageuka dhali,
herufi inayofungua dhalili.
Ukiitia pembeni
inageuka daktari.
Watu wa mji huu wamekesha miaka
kwa ajili ya ile nukta ya pembeni,
wengine Manchesta, wengine Kairo,
mmoja, nasikia, kwa njia ya posta.
Mimi siulizi cheti.
Nauliza shaba au plastiki.

Juzi kaja Sleyum wa Bi Ghanima.
Kibao chake nimekirudia mara tatu.
Mara ya kwanza nilisahau Daktari.
Mara ya pili nikaweka Daktari, nikaacha Muhandisi.
Mara ya tatu vyeo vilijaa shaba pomoni,
jina likabanwa chini kwenye kona
kama mgeni aliyechelewa karamu.
Akakipenda.

Mtoto huyu nimemfunga nepi.
Nimempangusa mchanga wa Sibu puani.
Nikamuuliza, "Sele, mama hajambo?"
Akageuka kutazama nyuma yake,
kana kwamba Sele ndiye anaingia dukani.
Kisha simu ikalia garini, mlango wazi,
sauti ikafika hadi kwenye mashine:
"We Sele! Samaki anapoa!"
Daktari Muhandisi akatoka mbio,
chenji kaiacha.

Usidhani namcheka.
Mimi wakiniita Fundi mgongo hunyooka,
na karani wa benki aliyeniambia "wewe mzee"
nilimhamishia hasira na akaunti pamoja.

Msaidizi wangu katoka Komila, Bangladeshi.
Miaka sita anafuta vumbi la majina ya watu.
Wateja humwita Sadiki.
Sadiki leta, Sadiki shika, Sadiki fanya haraka:
neno la urafiki
lililochemshwa hata urafiki ukaisha,
kama majani ya chai ya jana.
Na mimi? Mimi pia.

Ramadhani hii, nikijaza karatasi za viza yake,
ndipo nilipokiona cheti, kimekunjwa mara nne.
Shahada ya pili. Hisabati.
Kumbe ndiyo maana hajawahi kushika rula
na herufi zake hazijawahi kwenda upande.

Nikaona haya, na haya yangu ikawa ya kijinga:
nikataka kumlipa kwa shaba.
"Chagua," nikamwambia. "Ustadhi? Profesa?
Yoyote. Mimi nachonga."
Akafuta mikono kwenye kikoi.
Akaandika kwa penseli nyuma ya risiti:
Mohammad Mofizul Hok Bhuiyan.
"Basi?"
"Hilo tu. Lakini lote."

Herufi nyingi. Sikuzihesabu.
Alikichonga mwenyewe, usiku, nimeshakwenda zangu,
akakitundika juu ya mashine,
pale vumbi linapotua kwanza.
Kila asubuhi hukifuta
kabla ya kugusa cha mtu mwingine.

Jana kaingia mteja, joho begani, funguo za gari kidoleni.
"Sadiki! Kibao changu!"
Kimya.
Mofizul akaelekeza bisibisi juu.
Mteja akatafuta miwani, akaivaa,
akaanza kusoma kwa kukwama,
kama mtoto wa chuo aliyepewa juzuu leo,
akapotelea katikati,
akarudi mwanzo.
Mofizul akamsahihisha.
Mteja akarudia.

Nami nyuma ya meza nikarudia, midomo tu,
maana ile Bhuiyan
hata sasa hunishinda.