Dira Ishirini na Tatu

Stoo ilikuwa na dira ishirini na tano,
mbili zimekufa kwa kutu.
Zilizosalia nikazipanga mezani, bega kwa bega,
mashariki kwa magharibi,
kaskazini isije ikajidai ndiyo iliyozinyoosha.

Zikayumba. Zikatulia.
Sindano ikamnong'oneza jirani, jirani akamnong'oneza jirani,
na mstari mzima ukaelekea Kapsabet.

"Mwalimu," akasema Kageha, "zimekubaliana."
Tikisa meza, nikamwambia.
Joto ndilo hilo: mkono usiochoka kutikisa.

Akatikisa kidogo; zikatetemeka, zikarudi.
Akatikisa tena,
na ya kumi na nne, kuhesabu kutoka dirishani,
ikageuka na wote walio nyuma yake
hadi ukutani, wakaitazama Luanda,
kisogo kwa kisogo na wenzao wa asubuhi.

Kwenye mstari, kuvunjika kuna bei moja,
popote utakapovunjikia.
Ongeza dira elfu: bei ni ileile,
ila sasa nyufa zina elfu pa kuchagua.
Huu wetu ulishika kwa sababu ni mfupi.
Msiuite uaminifu.

Uwandani ni hesabu nyingine.
Kundi likitaka kugeuka hulazimika kujizungushia ua,
na ua ni waya,
na kundi likikua, waya unaongezeka.
Hapo baridi kidogo yatosha,
wa kona hii akajua wa kona ile anatazama wapi
bila kuwahi kumwona.

Haya sikuyaandika ubaoni:
kwetu Mudete, baba alitugawia mikanda,
saba, miembamba, kutoka barabarani hadi mtoni.
Hakuna njia ya kuzunguka.
Amugune ni wa nne.
Mwaka alipogeuka, salamu za mama
zilifika kwenye mchongoma wake zikalala hapo;
watatu wa ng'ambo walijua kwa wengine kwamba anaumwa.

"Ni joto gani hasa linalouvunja?" Kageha aliuliza.
Hakuna, mwanangu. Kitu kidogo hakina siku yake.
Hulegea, hulegea,
na pengine hujirudia chenyewe
kabla hujamaliza kuandika kwamba kimevunjika.

Kengele ikalia. Tukazirudisha stoo, ishirini na mbili.

Jumamosi nilisimama kwenye mchongoma
na moja mfukoni.
Nikakohoa.
Mbwa wake akajibu.
Kisha mlango, kama mtu anayeutikisa
kuona kama bado unafunguka.