Pepesa Macho

Kibokoni, baina ya muuza halua na fundi wa viatu,
nina duka la kompyuta tatu. Moja imekufa.
Watu huja hapa na kusema, "Hebu nifungulie serikali,"
kama mtu asemaye nifungulie kopo.

Nilikuwa na daftari.
Jalada la kijani, lenye doa la mafuta ya viazi karai,
na ndani yake maneno ya siri ya mtaa mzima.
Mzee Shebwana: jina la paka wake na mwaka wa Elinino.
Mkewe: jina la mume wa kwanza.
Nami sikusema neno.

Jumatano akaingia Bi Thureya,
pensheni ya marehemu imekwama.
Kitambulisho chasema Suraya,
karani wa siku zile hakuwa na ulimi wa kuitamka.
Hati ya ndoa yasema Thureya binti Bakari.
Cheti cha kifo chasema "mjane", basi.
Mashine yataka jina moja.

Tukachagua la karani.

Tarakimu sita zikatumwa kwa simu.
Simu ya nani? Ya Twalibu, mwanawe, aliye Doha,
ndiye aliyemsajili, kwa laini yake.
Tukampigia. Akanong'ona, msimamizi yu karibu:
"Nne, sifuri, sifuri, tisa..."
upepo wa ghorofa ya thelathini ukazimeza mbili zilizobaki.
Muda umekwisha, ikasema skrini. Hata pole haikutoa.
Mara ya tatu zikaingia zote,
na Twalibu akauliza, "Mama, umekula?"
laini ikakatika kabla hajajibiwa.

Kisha ikaja hii:
Onyesha uso. Geuka kushoto. Pepesa macho.
Thibitisha kuwa u hai.

Bi Thureya akanitazama kwa yale macho,
ndiyo peke yake niliyoyajua miaka kumi na mmoja.
"Wataka kuniona uso, hao?"
"Si watu, Bi. Ni mtambo."
"Na nyuma ya mtambo?"

Jibu sikuwa nalo. Hata leo sinalo.

Nikawatoa vijana wa fomu za chuo,
nikashusha mlango nusu, nusu iliyobaki
akaitundikia leso yake mwenyewe,
jina lake: *Mlango nimefunga, hodi ya nini?*
Nikasimama nje, mgongo kwa leso,
muuza halua akinicheka,
nikawa naelekeza kwa sauti kama mnadi:
"Kushoto, Bi. Si huko, kushoto kwako."
"Yasema hakuna mwanga."
"Sogea dirishani, karibu na ile iliyokufa."
"Haya. Nimepepesa."
"Pepesa tena."
"Ni hai, jamani! Ni hai! Wataka nife ndipo waamini?"

Kimya.
Halafu kicheko, kichanga, cha msichana,
sikujua kama kinakaa humo.

Akatoka amejistiri. "Imenijua?"
"Imekujua, Bi."
"Kwa picha ya miaka thelathini? Marehemu
nilipotoa miwani tu alinipotea."

Akafungua pochi anilipe. Mkono ukasita juu ya daftari.
"Na neno langu la siri, umeliweka wapi?"
Nikamwonyesha. Ukurasa wa kumi na nne, wino mwekundu.
Hakufoka. Alisema tu:
"Umenipa mgongo usinione,
kisha ukanianika humu."

Usiku ule nilichana kurasa moja moja,
nikazikunja, nikazunguka nazo milangoni
kama mpeleka kadi za harusi.
Wengine walinuna: "Sasa nani atanikumbushia?"
Mzee Shebwana alirudi asubuhi na ukurasa wake mkononi:
"Niwekee, mwanangu, mimi nitaupoteza."
Tulibishana hadi chai ikapoa.

Wa mkewe nilimpa mwenyewe, uani, mkono kwa mkono.
Aliusoma. Akaukunja mara nne, mara tano,
akautia kinywani kama tambuu,
akatafuna taratibu, akinitazama.