Shati la Sinyore Ermete

Aliliweka mezani kwangu limeviringwa gazetini,
akasema kwa Kiswahili chake cha kununulia samaki:
"Fundi Shee, panua mbavuni. Mimi nene sasa."
Shati jeusi. Si weusi wa buibui, si wa joho la kadhi;
weusi wa sufuria iliyosahauliwa motoni.

Miaka thelathini na moja nashona hapa Shela ya Malindi,
nguo hainidanganyi.
Nikalipindua ndani nje, nikalisoma.

Mbavuni, mshono wa mkono. Mamake huyo,
mishono mifupi mifupi ya mtu anayeshona huku akisikiliza mlango.
Alikuwa na miaka kumi na sita, akanambia,
yeye na wenziwe kumi na wawili, lori la kuazima, marungu.
Wakimtaka mwalimu, au mpiga chapa,
au mkulima aliyekataa kuinua mkono,
walimpanua kinywa wakammiminia mafuta ya nyonyo,
chupa nzima, wakamwacha ajichafue njiani
wanawe wanaona.
Hapo Sinyore alicheka. Kisha akaona sicheki.
Mnyonyo umeota nyuma ya choo changu.
Bibi yangu mafuta yake akijipaka nyweleni.

Kolani, vitundu viwili viwili: palikuwa na alama ya kikosi.
Mkubwa wao alikuwa ameshaikalia serikali,
na wahuni hawakufaa tena kuitwa wahuni.
Wakapewa mshahara, muhuri, filimbi,
kiapo cha kumwapia mtu mmoja.
Rungu ni lile lile,
ila sasa limeandikwa daftarini.

Bega la kulia limelika.
Bunduki hiyo; mkanda wake hula kitambaa polepole kama mchwa.
Wakawa batalioni, batalioni zikawa divisheni,
wakapakiwa melini wakiimba, wakashushwa Uhabeshi.
Lakini kumpiga mmoja mkiwa kumi
hakumfunzi mtu kusimama mbele ya kumi
wenye haki ya kukasirika.
Haya si maneno ya Sinyore. Yeye alinyamaza hapo,
akaangalia feni.

Lililosema ni kwapa la kushoto:
kiraka cha weusi mwingine, weusi wa bei rahisi,
na chini yake tundu la kuingilia.
La kutokea nilitafuta, sikuliona.
"Iko bado," akajigusa. "Mvua ikija, yeye anauma."

Nikamuuliza mwaka ule wa ndege,
bomu lilipoanguka mjini kwetu
na bibi akakimbia hadi Ganda, sufuria ya wali kichwani,
wali haujaiva, na hakuitua njia nzima.
"Mimi miguu," akasema. "Ndege, watu wengine."
Daima ni watu wengine.

Basi ilikuwa Jumanne hiyo hiyo,
Sinyore hajafika hata kwa muuza kahawa,
akaingia Mbaruk wa ofisi ya chama na jora begani,
kitambaa rangi ya kutu, zuri, halichuji.
"Mashati arubaini. Vijana wa kulinda mkutano tu.
Mikono mifupi. Kola usitie."
Nikasema: "Kola itakuja."
"Wasemaje?"
"Nasema vipimo viko wapi."

Akanipa karatasi. Namba kumi na saba,
kifua inchi thelathini na nne: Famau,
mtoto wa dada yangu, aliyefeli hesabu mara mbili
na anayeogopa kuku.
Nilimuona jana penye kona ya soko.
Ameshapewa rungu. Alikuwa analizungusha kidoleni,
likamponyoka, likamwangukia mguuni,
wenziwe wakamcheka, naye hakucheka nao.

Ijumaa Sinyore alikuja kuchukua shati.
Nimempanulia inchi mbili, nimemtoza bei ya watalii.
Kiraka sikukigusa.

Na Mbaruk naye hupita kila asubuhi, baada ya chai.
Namwambia mkanda wa cherehani umekatika,
nimeagiza Mombasa, haujaja.
Hulitazama jora, hunitazama mimi,
hulitazama jora.
Mkanda ninao mfukoni. Mzima.
Nikitia mkono kutafuta chenji, naugusa.